Msalaba Kwenye Kisanduku cha Pili

Bahasha ile ilifika Mbinga mwishoni mwa Februari, mwaka 1995, wakati mvua ilikuwa imeikata barabara ya Songea mara mbili na barua za wiki nyingi zikaja kwa mkupuo mmoja. Siwema aliichukua mwenyewe posta. Ilikuwa ndefu, rangi ya kaki, na katikati ilikuwa na kidirisha cha nailoni ambamo jina la mumewe lilichungulia: Herrn Egidi Ndunguru. Stempu ilikuwa ya Ujerumani.

Hakuona ajabu. Egidi alikuwa fundi wa mitambo kwenye kiwanda cha kukoboa kahawa, na ufundi huo aliusomea Ujerumani Mashariki, miaka mitatu, kuanzia themanini na moja. Zamani walikuwa wakimletea kadi za Noeli. Kisha ukuta wao ukaanguka, nchi zao mbili zikawa moja, na kadi zikakoma. Siwema aliiweka bahasha kwenye meza ya cherehani, akaendelea kubana kiuno cha suruali ya mtumba.

Mchana Egidi alikuja kula. Aliichana bahasha kwa bisibisi, akasoma amesimama mlangoni. Kazi ya kushona ilikuwa imemzoesha Siwema kuwatazama watu mabega na mikono kabla ya uso, na siku ile aliona mabega ya mumewe yakishuka polepole kama ya mtu aliyetua mzigo, ila uso wake haukuwa wa mtu aliyetua.

"Kuna nini, Baba Ida?"

"Mambo ya mashine," alisema. "Wanaulizia vipuri."

Alinawa, akamega matonge mawili ya ugali, akainuka. Dagaa hakuwagusa. Siwema alibaki akiitazama sahani. Vipuri vipi? Ilikuwa miaka ya ruksa. Wanunuzi binafsi wa kahawa walikuwa wameingia wilayani na magari yao na mizani yao, ushirika ulikuwa unapepesuka, na pale kiwandani watu hawakujua kama msimu ujao ungewakuta na kazi. Mjerumani gani angekumbuka kuulizia vipuri vya Mbinga?

Walikuwa wameoana tangu themanini na sita. Egidi alikuwa ameteremka ziwani, Liuli, kutengeneza mashine ya kusaga ya misheni, akamkuta Siwema anashona kwenye baraza ya ukumbi wa kanisa. Alikaa siku nne kwa kazi ya siku moja. Siku zote hizo za ndoa hakuwahi kumdanganya, au ndivyo Siwema alivyojua, kwa sababu Egidi hakujua kudanganya: akijaribu, alikuwa anaacha mboga.

Siku ya tatu, mumewe alipokwenda kazini na watoto wako shule, Siwema alifungua sanduku la zana. Barua ilikuwa chini ya tupa. Kando yake ilikuwa kamusi ndogo ya Kijerumani na Kiingereza, ambayo mchwa walikuwa wameila mbele na nyuma, ikabaki kuanzia herufi ya pili hadi karibu na mwisho wa W. Kiingereza cha Siwema kilikuwa cha darasa la saba na cha mwaka mmoja wa ufundi wa nyumbani kwa masista. Akaazima kwa jirani yake mwalimu kamusi ya Kiingereza na Kiswahili, akaziweka mbili pamoja. Kila neno lilibidi livuke mito miwili kabla ya kumfikia.

Neno la kwanza aliloliona lilimpa moyo. Kind. Hilo alilijua kwa Kiingereza: mtu mwenye huruma. Akafikiri, basi hawa ni watu wema, labda kweli ni vipuri. Lakini mbele ya neno hilo kulikuwa na tarehe, 14.3.1985, na mbele ya tarehe neno geboren. Akalitafuta. Kuzaliwa. Akarudi kwenye Kind, safari hii kwa upande wa Kijerumani.

Mtoto.

Siwema alikaa chini, kwenye mkeka, kamusi mapajani. Juu kabisa ya karatasi ya pili, kwa herufi nene, kulikuwa na neno refu kama kamba ya kufungia ng'ombe: Vaterschaftsanerkennung. Halikuwamo kwenye kamusi. Alilitazama kama anavyotazama koti la mtumba lililoshonwa na mtu asiyemjua, akitafuta mshono ulipo. Vater: baba. Vaterschaft: ubaba. Kilichobaki kilianzia kwenye kurasa walizokula mchwa, lakini chini kidogo palikuwa na erkenne, na hilo lilikuwemo. Kutambua.

Egidi alirudi kutoka Ujerumani Desemba 1984. Mtoto alizaliwa Machi. Kwa hesabu hiyo Siwema hakuhitaji kamusi.

Hakulia. Aliyanakili maneno kwenye daftari lake la vipimo, kati ya kiuno cha mtu mmoja na bega la mwingine, akairudisha barua chini ya tupa, akakaa kwenye cherehani. Asubuhi ile alivunja sindano mbili kwenye kitambaa kilekile.

Kesho yake mchana aliwapeleka watoto kwa jirani. Egidi alikuwa amemega tonge la kwanza.

"Baba Ida, Vater maana yake nini?"

Tonge liliishia njiani. "Umelitoa wapi neno hilo?"

"Kwenye sanduku la zana."

Egidi alilirudisha tonge sahanini. "Ni baba," alisema.

"Na Kind?"

"Siwema."

"Nimeuliza Kind."

"Mtoto."

"Basi vipuri hivyo vina jina?"

Egidi alinawa vidole. "Maren," alisema. "Anaitwa Maren. Sijawahi kumwona hata kwenye picha."

Akaeleza, akitazama sakafu. Mama yake mtoto aliitwa Renate, mpishi kwenye bwalo la chuo, katika mji mdogo uitwao Altenrode. Miezi yake ya mwisho Egidi alipelekwa mazoezini mji mwingine; alipoondoka hakujua kitu, wala Renate hakumwambia. Barua ya mimba ilimkuta Mbinga mwezi wa pili. Alijibu mara moja, akaandika kwamba atatafuta njia, na njia haikuwepo. Nchi ile ilikuwa haiingiliki wala haitokeki. Barua ya pili alishindwa kuiandika, ya tatu akaona aibu, mpaka kunyamaza kukawa ndiyo hali yenyewe. Renate naye hakumtaja kwa mtu. Mwaka uliopita alikufa kwa saratani. Mama yake mzazi, alipokuwa akipanga vitu vya marehemu, akaikuta ile barua moja ya Egidi, akaipeleka ofisi ya ustawi wa watoto. Ofisi ilikuwa inauliza jambo moja tu: je, ni wewe?

"Na usipojibu?"

"Mpaka tarehe kumi na mbili Aprili. Baada ya hapo wanaandika kwamba baba hajulikani, wanafunga jalada." Akafuta uso kwa kiganja. "Nilitaka ninyamaze tu tarehe ipite. Bibi yake anamlea. Sisi tuna Ida na Hyasinti. Nikijibu, ukoo utasikia, parokia itasikia, na wewe... Ikipita, mambo yanaisha."

"Yanaisha kwa nani?"

Egidi aliisukuma sahani pembeni.

"Mimi nilipoandikishwa darasa la kwanza," Siwema alisema, "mwalimu aliuliza jina la baba. Mama akanyamaza. Baba alikuwa amekwenda migodini kusini kabla sijazaliwa, na ukoo wake ukasema mimba siyo yake. Mwalimu akapiga mstari. Nimeubeba mstari ule mpaka kwenye cheti cha darasa la saba. Siku ya ndoa yetu padri aliniuliza jina la baba, na wewe umesimama pembeni yangu. Unakumbuka nilisema nini?"

"Ulitaja la mjomba."

"Nilitaja la mjomba. Mtu mzima, nimevaa shela, natafuta jina la kuazima." Sauti yake haikupanda. "Hilo la kunificha miaka yote hii tutalizungumza kwa siku yake, wala usidhani limepita. Sasa hivi lete hiyo fomu."

Kuijaza kuliwachukua zaidi ya wiki mbili. Kijerumani cha Egidi kilikuwa cha karakana. Angeweza kuamshwa usingizini akataja sehemu zote za pampu, lakini maneno ya ofisi hakuwahi kukutana nayo; kule chuoni makaratasi yake yote yalijazwa na mwalimu wa zamu, yeye akatia sahihi tu. Kumwuliza mtu alikataa. Kulikuwa na Sista Luisa huko Kigonsera, mtawa wa hukuhuku Umatengoni aliyesomea uuguzi Ujerumani, naye angeimaliza kazi kwa nusu saa. Egidi alisema hapana, si kabla hajamwambia kaka yake mkubwa. Na kila Jumapili alirudi kutoka kwa kaka yake hajasema.

Kwa hiyo walijifunza wenyewe, kila mmoja kwa njia yake. Egidi alisoma neno kwa sauti na kubahatisha; Siwema alilitafuta. Yaliyopatikana aliyaandika kwenye kipande cha karatasi ya kukatia mitindo, akakibandika ukutani mbele ya cherehani, ili awe anayasoma huku miguu inakanyaga. Vorname, jina lako. Familienname, la ukoo. Ledig, hujaoa. Verheiratet, umeoa. Unterschrift, sahihi. Staatsangehörigkeit, uraia, hilo lilianzia kwenye kona ya karatasi likaishia karibu na dirisha. Aktenzeichen, neno la kurasa za mchwa, lakini lilifuatwa na namba ileile kila karatasi, wakabahatisha kwamba ni namba ya jalada; Egidi alisema bila hiyo barua inapotea ofisini kama sindano kwenye majani. Na Frist, mwisho wa muda, neno fupi kuliko yote. Hilo Siwema hakulihitaji ukutani. Alilala nalo na kuamka nalo.

Mwisho wa fomu kulikuwa na visanduku viwili. Cha kwanza: Ninatambua kwamba mimi ni baba. Cha pili kilikuwa na maneno yaleyale, pamoja na nicht. Nicht, siyo. Juu yao palikuwa na maelezo ya maneno matatu: Zutreffendes bitte ankreuzen. Bitte walilijua, tafadhali. Mawili mengine yalikuwa kwenye kurasa za mchwa, moja la mwanzo na moja la mwisho. Siwema alichezea lile la tatu mpaka akapata kipande cha ndani, Kreuz.

"Msalaba," alisema. "Hapa wanataka nini na msalaba?"

"Labda wanauliza dini."

"Dini haina nafasi ya kuandika."

"Mama Ida, fomu ni fomu," Egidi alisema. "Umejaza ngapi? Futa isiyohusika. Usichotaka unakikata, unachotaka unakiacha."

Aliweka rula kwenye kisanduku cha pili, penye nicht, akapiga mistari miwili iliyokatana. Mkono wake ulikuwa mtulivu kama anachora gurudumu.

Sahihi ilitakiwa kuwekwa mbele ya ofisa wa serikali, kwa mhuri. Jumatano wakaenda mahakama ya mwanzo. Chumba kilikuwa na watu kama kumi na watano waliokuja kwa kesi ya mpaka wa shamba la kahawa, wengine wakiwa majirani wa kaka yake Egidi. Karani, Ignatio Kapinga, aliigeuza fomu huku na huku.

"Fundi Egidi, mheshimiwa hakimu hawezi kupiga mhuri kitu asichokijua. Inasema nini?"

Egidi alisogea mezani. Siwema alikuwa nyuma yake na aliona jasho likishuka shingoni kuingia kwenye kola aliyoigeuza yeye mwenyewe juma lile. Akafikiri: sasa atasema vipuri.

"Inasema mimi ni baba wa mtoto aliyeko Ujerumani," Egidi alisema. "Msichana. Jana ametimiza miaka kumi."

Watu wa mpaka wa shamba wakageuka wote. Hakimu, aliyekuwa anaandika, aliinua kichwa, akamtazama Egidi, kisha Siwema. "Wewe mke wake, unajua jambo hili?"

"Ninalijua, mheshimiwa."

Hakimu akavuta fomu, akapiga mhuri. Jioni ile Egidi alikwenda kwa kaka yake, maana hakukuwa tena na la kuficha, akarudi amenuna lakini amekula.

Alhamisi barua ilipostiwa. Kabla ya kuifunga, Siwema alikuwa ameinakili fomu nzima kwenye karatasi nyembamba ya mitindo, mstari kwa mstari, na alama zake zote. Alitaka kuwa na kitu cha kujifunzia. Mtoto yule angehitaji kuandikiwa siku moja, na maneno ya uraia na sahihi hayakutosha kumsalimia mtoto.

Ijumaa asubuhi alipata lifti ya gari la misheni hadi Kigonsera kupeleka nguo za kwaya alizokuwa ameshona. Alipomaliza akamtafuta Sista Luisa, akamkuta kwenye zahanati anapanga dawa.

"Shikamoo, Sista."

"Marahaba, Mama. Habari za Mbinga? Tumesikia kidogo." Sista alitabasamu, si kwa ubaya. Habari za mahakamani zilikuwa zimefika kabla ya gari.

Siwema akaitandaza karatasi yake juu ya meza. Sista Luisa alivaa miwani, akasoma taratibu, akiitikia kwa kichwa, ameridhika. "Mmejaza vizuri. Tarehe nzuri, namba ya jalada ipo." Kidole chake kilifika chini, kikasimama. "Mama, huu msalaba aliuweka mwenyewe hapa?"

"Ndiyo. Amekikata kile cha hapana."

Sista alivua miwani. "Kule hawakati. Ankreuzen ni kuweka alama ya msalaba kwenye jambo unalolikubali. Zutreffendes, lile lililo kweli. Alama hii hapa ni falsch, ni makosa. Mume wako ameandika kwamba huyu siyo mtoto wake. Na hakimu amepiga mhuri."

Siwema aliivuta karatasi yake. "Sista, barua imepostiwa jana."

"Gari la posta bado. Ijumaa linapita hapa likienda Songea."

Hawakumaliza kuongea. Siwema aliikunja karatasi akiwa tayari anatembea, kisha anakimbia, kanga imefungwa kiunoni, matope yanamrukia mpaka magotini. Alifika barabarani Landrova ya posta inapanda polepole kutoka mtoni. Akasimama katikati ya njia. Dereva alifunga breki, akachungulia kwa hasira.

"Mama, unataka kufa?"

"Kaka yangu, kwenye mfuko wako kuna barua yangu iliyokosewa. Naiomba."

"Mfuko una lakiri. Nikiukata, kazi sina na jela ninayo."

"Basi nibebe mpaka Songea, niiombe huko."

Dereva aliyatazama matope kwenye miguu ya Siwema. Mtawa mwenye shela jeupe alikuwa anakuja nyuma kwa mwendo wa haraka, mkono juu. "Panda," alisema dereva. "Ila mfuko usiuguse."

Mfuko ulikuwa miguuni pake njia nzima, umefungwa kamba, na kipande cha lakiri nyekundu kwenye fundo. Barabara ilikuwa mbaya. Mara mbili walishuka kukata matawi ya kuweka chini ya matairi. Lakini kilichomtesa Siwema hakikuwa barabara. Lilikuwa wazo lililoingia karibu na mto wa pili na kukataa kutoka: je, kama Egidi alijua? Miaka mitatu kati ya watu wale, asijue alama yao? Alikuwa ametaka tarehe ipite. Alikuwa na mke anayemsimamia na kamusi iliyoliwa. Angeweza kukubali mbele ya hakimu kwa Kiswahili na kukana kwa Kijerumani, na Mbinga yote ingemwita mwanamume wa kweli. Alikumbuka rula. Alikumbuka mkono mtulivu, wa mtu yuleyule aliyeshusha mabega siku barua ilipokuja.

Posta ya Songea ilikuwa inakaribia kufungwa. Mama wa dirishani alimsikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo Siwema alilishukuru baadaye.

"Mtumaji ni nani?"

"Mume wangu."

"Basi aje mwenyewe, na kitambulisho."

"Yuko Mbinga. Mfuko unaondoka lini?"

"Alfajiri, na basi la Dar es Salaam."

"Hawezi kufika."

"Mama, nikikupa barua ya mume wako leo, kesho mwingine atakuja kuchukua ya mke wake. Siwezi." Alisema hivyo bila ukali, na Siwema alijua kwamba hata yeye, angekuwa upande ule wa dirisha, angesema hivyohivyo. Yule mama akatazama saa ya ukutani. "Telegramu bado hawajafunga," akaongeza. "Hiyo inafika kabla ya barua. Yeyote anaweza kutuma."

Dirisha la telegramu lilikuwa la mtu wa makamo aitwaye Aidan, ambaye tayari alikuwa amevaa koti. Alimpa fomu. Siwema alishika kalamu, akakumbuka kwamba hakuwa amemwuliza Sista aandike nini. Palikuwa na yeye, daftari la vipimo, na maneno ya ukutani nyumbani kwake. Namba ya jalada na anwani alikuwa nazo kwenye daftari. Alifunga macho, akayaona maneno yalivyopangana mbele ya cherehani. Warten, kusubiri, lilikuwa kwenye barua yao, tunasubiri jibu lako. Hakujua yanavyoungwa. Akayaweka moja moja.

AKTENZEICHEN 51/217. KREUZ FALSCH. NDUNGURU IST VATER. BITTE WARTEN.

Kabla ya kuisukuma fomu chini ya wavu alisita. Jina la mtumaji. Kama Egidi alikusudia alichokifanya, basi sasa hivi yeye, mkewe, alikuwa anamtamkia ubaba mbele ya serikali ya watu. Ndoa zimevunjika kwa madogo kuliko hilo. Akaandika: Egidi Ndunguru. Akalipa kwa fedha ya nguo za kwaya.

Aidan alishika simu, akapandisha sauti kwa sababu laini ya Dar ilikuwa inakwaruza. "K kama Kigoma. R kama Ruvuma. E kama embe. U kama ugali. Z kama Zanzibar. Hapana, Z. Zanzibar." Siwema alisimama pale mpaka herufi ya mwisho.

Alirudi Jumamosi mchana kwa lori la mafuta. Sista Luisa alikuwa amepeleka habari kwamba yuko Songea, bila kusema kwa nini, na Egidi alimngoja mlangoni. Siwema alitoa karatasi ya mitindo, akaikunjua. Alikuwa ameamua njiani atasema nini na ataficha nini.

"Sista ameisoma," alisema. "Kule msalaba ni kukubali. Umeandika kwamba mtoto si wako."

Akamtazama mikono.

Egidi aliichukua karatasi. Midomo yake ilisoma lile neno, ankreuzen, mara mbili, tatu. Kisha akaiachia ikaanguka, akatoka. Hakuchukua koti, wala hakuvaa viatu, na mvua ilikuwa inanyesha. Siwema alisikia mnyororo wa baiskeli. Alipofika mlangoni mumewe alikuwa ameshafika kwenye kona ya mwisho ya uzio, anasukuma baiskeli mbio kwenye matope ili aidandie, anakwenda Songea, mwendo wa kilomita karibu mia, kuufukuza mfuko ulioondoka tangu alfajiri.

Alimwacha afike barabarani. Baadaye alikiri kwamba angeweza kumwita mapema.

"Baba Ida," akaita. "Rudi. Nimekwishapeleka telegramu."

Egidi alisimama pale na baiskeli yake, maji yanamtiririka usoni. "Umeandika nini?"

Siwema akamwambia, kwa Kijerumani, maneno yote. Egidi aliinamisha paji la uso kwenye usukani wa baiskeli na mabega yake yakaanza kutikisika, na Siwema hakumfuata mara moja.

Jibu lilikuja katikati ya Mei. Siwema aliifungua bahasha njiani kutoka posta, akaisoma barua bila kamusi: muda umeongezwa. Ndani kulikuwa na fomu mpya, na mtu wa ofisi ile, kwa huruma yake, alikuwa amezungushia kisanduku cha kwanza kwa penseli. Wakarudi mahakamani. Hakimu alipiga mhuri bila kuuliza.

Mazungumzo yale waliyoyaahirisha yalifanyika pia, na hayakuwa mafupi. Siwema aliwachukua watoto akateremka Liuli kwa mama yake, akakaa wiki tatu. Aliporudi alirudi kwa hiari yake, na Egidi hakuwahi tena kufungua barua amesimama mlangoni. Alizileta mezani zikiwa zimefungwa.

Barua ya Maren ilikuja Agosti, kahawa inaanikwa kila uwanja. Ilikuwa ukurasa mmoja, mwandiko mkubwa wa kuinama. Egidi aliishika akashindwa, akampa mkewe. Siwema alikaa na kamusi ya mchwa mchana kutwa, na kazi ikamwia ngumu kuliko fomu yoyote, kwa kuwa mtoto hakuzungumzia uraia wala sahihi. Alisema ameng'oka jino. Alisema bibi yake anaumwa miguu. Aliuliza kama kwao baba kuna baridi, na kama ana ndugu, na kisha akaandika aya nzima juu ya vitu viitwavyo Kaninchen, ambavyo anavyo viwili.

"Ni nini hicho?" Ida aliuliza, amemwegemea mama yake begani.

Siwema alifuata herufi kwa kidole. "Sungura," alisema.

"Wa rangi gani?"

"Ngoja. Hapo sijafika."